PhD ya uuguzi kuhusu matatizo ya ulaji: EAT-26 ya Kiswahili inatosha, au nibadilishe mada?

Nesi_Ilala aliuliza:

Habari zenu wakuu. Nina shahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili, na sasa naandaa dokezo la kurasa 5 la kuombea nafasi ya PhD. Mada ni matatizo ya ulaji kwa wasichana wa sekondari Dar es Salaam: anoreksia (kujinyima chakula hadi kukonda), bulimia (kula kwa pupa kisha kujitapisha) na ulaji wa kupindukia.

Mpango kwa ufupi: wanafunzi 400 wa kidato cha pili hadi cha nne, shule nne za bweni na kutwa, dodoso la EAT-26 (la mitazamo kuhusu ulaji) nililotafsiri kwa Kiswahili. Atakayepata alama 20 au zaidi nimhesabu yuko hatarini, kisha nipime uhusiano na matumizi ya mitandao ya kijamii.

Nina maswali manne.
1. Ninaowaendea wawe wasimamizi wangu wananiambia huu ni "ugonjwa wa Wazungu". Niwajibu nini cha maana?
2. Dodoso na sampuli vinatosha kwa kiwango cha PhD?
3. Vibali vya shule vinaanzia wapi?
4. Kuna chuo cha Marekani kinanipa DNP (udaktari wa uuguzi wa kivitendo) kwa njia ya mtandao, nafuu kidogo. Ni kitu kilekile?

Wa kunipa hongera asanteni mapema, ila nahitaji hesabu.

---

Takwimu_Tulivu alijibu:

Sista, mada haina shida. Shida iko kwenye hiyo alama 20.

EAT-26 ilitoka mwaka 1982. Ina sentensi 26 zenye majibu sita kila moja: "daima" ni 3, "kwa kawaida" ni 2, "mara nyingi" ni 1, na matatu yaliyobaki ni 0. Alama ya juu kabisa ni 78. Sentensi moja tu hugeuzwa, ile ya kufurahia kujaribu vyakula vipya vinono. Angalia toleo lako kama ni ya 25 au ya 26, kwa sababu nafasi hubadilika. Ukisahau kuigeuza, programu ya takwimu haitakupigia kelele, utaona tu alfa (kipimo cha sentensi kushikamana) imeshuka bila kujua sababu.

Sasa chukua sentensi zenyewe uzisome kwa masikio ya binti wa bweni Dar. "Nakata chakula changu vipande vidogo." Anakula ugali kwa mkono, anamega tonge, anajibu daima. Alama 3. "Najizuia mbele ya chakula." Hiyo kwetu ni adabu, aliyefundwa asile kwa pupa atajibu daima. Zimefika 6. "Nawaza sana chakula." Amekunywa uji saa 12 asubuhi, dodoso limemkuta saa 6 mchana. 9. "Naona wengine wangependa nile zaidi." Nani hana bibi? 12. Amebakiza alama 8 tu aitwe yuko hatarini, na hajaonyesha dalili hata moja ya ugonjwa.

Hili liliwahi kuandikwa. Watafiti wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 2004 kuhusu vijana weusi wa familia maskini waliokuwa na alama za juu. Walipowahoji ana kwa ana, sehemu kubwa ya zile alama ilitokana na uhaba wa chakula nyumbani na kuyaelewa maswali vingine. Kwa hiyo asilimia utakayoipata shule ya kutwa ya pembeni ya mji inaweza kuwa asilimia ya njaa. Mtahini wa nje ataanzia hapohapo.

Kuna mtego mwingine wa lugha. "Kwa kawaida" na "mara nyingi" kwa mwanafunzi ni neno moja, lakini kwenye hesabu moja ina alama 2 na nyingine 1. Kwenye majaribio wape kadi sita zenye maneno ya majibu, wazipange kuanzia la mara chache hadi la mara zote. Wakizichanganya, badilisha maneno kabla hujaenda mbele.

Kwa hiyo swali la 2: hapana, haitoshi. Kupima asilimia kwa dodoso lisilohakikiwa ni kazi ya uzamili. PhD iko kwenye kulihakiki lenyewe. Utaratibu wa kawaida: omba ruhusa ya wenye dodoso kwa maandishi, watafsiri wawili wafanye kila mmoja peke yake, mmoja wa afya na mwingine asiyejua lolote kuhusu mada, unganisha, wengine wawili ambao hawajaona asili walirudishe Kiingereza, kamati ikae na matoleo yote mezani, kisha watu 30 hadi 40 wa majaribio. Hao wa majaribio usiwaulize "umeelewa?" maana wote watasema ndiyo. Mwambie, "nieleze swali hili kwa maneno yako," halafu "ulikuwa unafikiria siku gani ulipojibu?" Hapo ndipo tonge litakapojitokeza.

Hesabu ulizoomba. Kwa kupima asilimia, 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05² inakupa 385, na nadhani 400 yako imetoka huko. Lakini wewe unachukua madarasa mazima, na wa darasa moja hufanana. Ukichukua 40 kwa darasa na mfanano wa 0.02, zidisha kwa 1 + 39 × 0.02, yaani 1.78. Inakuwa 686. Ongeza nafasi ya asilimia 10 watakaokataa, uko karibu 760. Tena shule nne ni chache mno. Bora darasa mojamoja katika shule nyingi.

Uhakiki una ugumu wake. Ukitaka kujua dodoso linanasa wagonjwa kwa kiwango gani, tuseme unategemea asilimia 85 na unakubali kukosea kwa 10 juu au chini, unahitaji wagonjwa halisi 49. Kama ugonjwa uko kwa wasichana 2 katika 100, inabidi uwapitie 2,450. Watu hukwepa kwa hatua mbili: wote wajaze dodoso, kisha uwahoji kwa kina waliovuka alama na sehemu ya wasiovuka. Tuseme wako 600, wamevuka 60. Unahoji wote 60, pamoja na 60 wa bahati nasibu kati ya 540 waliobaki. Kila mmoja wa hawa anasimama badala ya 9. Waliovuka wakithibitika 20, na kwa wasiovuka asipatikane hata mmoja, dodoso limenasa asilimia 100. Akipatikana mmoja tu, hesabu ni 20 kwa 29, asilimia 69. Mtu mmoja! Ndiyo maana sampuli ndogo hapa haikusaidii, na ni lazima uripoti mipaka ya makadirio, usiishie kwenye namba moja.

---

Sindano_na_Sukari alijibu:

Nakubaliana na Takwimu kuhusu dodoso, sikubaliani na shule. Hiyo ni PhD ya epidemiolojia, ya kupima magonjwa yanavyoenea. Muuguzi yuko wapi humo? Jopo la skuli ya uuguzi litauliza swali hilohilo, na "wauguzi watatumia matokeo" si jibu.

Geuza mada kwenda kliniki ya kisukari aina ya 1, vijana wa miaka 12 hadi 24. Huko kuna kujinyima na ulaji wa kupindukia kama kwingine, pamoja na tabia moja ya hatari isiyopatikana shuleni: kuruka au kupunguza insulini kwa makusudi ili uzito ushuke. Insulini isipotosha, sukari inatoka na mkojo, mwili unayeyusha mafuta, mtu anakonda huku anakula. Gharama yake ni asidi ya damu kupanda na kulazwa mara kwa mara. Anayemwona huyu kijana kila anapokuja ni muuguzi. Ndiye anayeshika daftari la vipimo, ndiye anayeangalia alama za sindano na uvimbe wa pale anapochoma.

Dodoso lake ni DEPS-R, sentensi 16, kila moja 0 hadi 5, na 20 ndiyo alama ya kuangaliwa zaidi. Halafu una kipimo cha maabara cha kulinganisha, HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache), kitu ambacho shuleni huna. Maswali matatu ya PhD yanatoka humo bila kulazimisha: DEPS-R ya Kiswahili inashika? Vijana na wazazi wanaielezaje tabia hiyo? Muuguzi akipewa maswali mawili matatu ya kuuliza kila ziara, anayauliza kweli, na nini kinamzuia?

---

Nesi_Ilala:

Asanteni sana. Ndugu Sindano, wazo limeniingia, ila naona mtego ni uleule. Kijana anaruka insulini kwa sababu chupa imeisha au inagawanywa hadi mwezi uishe. DEPS-R itamhesabu mgonjwa wa ulaji.

---

Sindano_na_Sukari:

Umeuona. Hiyo ndiyo tasnifu yenyewe, usiikimbie. EAT-26 na DEPS-R zote zilitungwa kwa watu ambao chakula na insulini vipo, swali likabaki kama mtu anavitumia. Kwa hiyo kila sentensi ya kuruka dozi ifuatwe na sababu: iliisha, nilisahau, niliogopa sukari kushuka, niliona haya kuchoma mbele za watu, nilitaka kupungua. Changanua mara mbili, pamoja na walioishiwa na bila wao, uonyeshe alama zinabadilika kiasi gani.

Ukibaki shuleni fanya vivyo hivyo kwa chakula. HFIAS ina maswali 9 ya uhaba wa chakula nyumbani kwa wiki 4 zilizopita. EDE-Q, dodoso jingine la matatizo ya ulaji ambalo binafsi nalipenda kuliko EAT-26 kwa sababu linataka idadi ya siku na mara, linauliza siku 28. Vipindi vinalingana, unaweza kuviweka pamoja bila mtahini kukukata.

---

Bibi_Kisauni alijibu:

Naongezea ya lugha, kwa sababu tafsiri za bara mara nyingine hupita juu ya mambo ya pwani.

"Kufunga" usiliandike popote kwenye dodoso bila kufafanua. EDE-Q inauliza kama mtu amekaa saa 8 au zaidi akiwa macho bila kula ili kubadili umbo au uzito. Mwislamu wa Ramadhani anakaa saa 13 hivi kila siku. Asipoiona ile "ili kubadili umbo" atajibu siku 28 kati ya 28. Sababu iwekwe mwanzo wa sentensi, isining'inie mwishoni. Na usikusanye data ndani ya mwezi wenyewe wala siku 28 baada ya Idi. Kwaresima nayo ina watu wake, na kuna anayefunga sita za Shawwal au Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima, kwa hiyo uliza tu. Ila usije ukadhani jibu la dini linafuta ugonjwa. Utafiti wa wasichana wa sekondari Ghana uliochapishwa 2004 uliwakuta 10 waliokonda kwa kujinyima, na walichokitaja ni dini na kujitawala, hakuna aliyesema anaogopa unene. Ukisubiri mtu akwambie "naogopa kunenepa" hao wote wanakupita.

Neno "kunenepa" pia limebeba mengi. Kwa wengi ni kunawiri, ni kutunzwa. Na "kukonda" linavuta fikra ya maradhi, tangu miaka ya UKIMWI, kwa hiyo msichana anayekonda kwa makusudi ana sababu ya kuficha asisemwe. Tumia "uzito kuongezeka" na "uzito kupungua", halafu maneno mazito yaache yaje yenyewe kwenye mahojiano. "Kula kupita kiasi" nalo halitoshi, maana karamu ya harusi ni kula kupita kiasi. Kinachotafutwa ni kushindwa kuacha: "kula chakula kingi kwa muda mfupi huku ukihisi huwezi kujizuia hata ukitaka." "Kutapika" lazima liwe "kujitapisha", la sivyo utawakusanya wajawazito na wenye vidonda vya tumbo. "Dawa za kuharisha" taja na za kienyeji, sanamaki kwa mfano, vinginevyo watakujibu hawatumii.

SCOFF, dodoso fupi la kuchuja matatizo ya ulaji, usiiguse kama ilivyo. Maswali yake ni matano tu na inavutia kwa ufupi, ila moja linauliza kupungua "stone" moja ndani ya miezi 3, kipimo cha Waingereza cha kilo 6.35. Binti ambaye nyumbani wala shuleni hakuna mizani atajuaje? Uliza kama nguo zimempwaya.

Ukivuka mpaka kuja kwetu Kenya kulinganisha: kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa kwanza, ndipo leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), inayodumu mwaka 1, kisha ofisi za kaunti na elimu.

---

Mlinda_Faili alijibu:

Vibali kwa Tanzania Bara. Andiko lipite chuoni, kisha kamati ya maadili ya chuo. Ukisajiliwa chuo cha nje, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) haikwepeki, na kama data itatoka nje ya nchi andaa na mkataba wa kuhamisha data mapema. Cheti cha NIMR hudumu mwaka 1, na soma masharti ya nyuma: kuchapisha matokeo kunahitaji ruhusa yao. Wanafunzi wa PhD huligundua hilo wakati jarida limeshakubali makala. Kwa shule, barua inapitia TAMISEMI, kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa afisa elimu, ndipo mkuu wa shule. Usiruke ngazi hata kama mkuu wa shule ni shangazi yako. Zanzibar ni mfumo wake, taasisi yao ya utafiti wa afya, ZAHRI.

Chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi na ukubali wa mtoto mwenyewe. Bweni ndiko kunakokwama: wazazi wako mikoani, fomu hazirudi. Zitumwe siku ya kufungua shule, mzazi akiwa getini.

Kamati zitakubana kwenye usalama, na hapa ndipo muuguzi anatakiwa awe na nguvu kuliko mtu wa takwimu. Andika mapema nani atafanywa nini. Mapigo ya moyo chini ya 40 kwa dakika, kuzimia, kushindwa kuinuka kutoka kuchuchumaa bila kushika kitu, kupungua zaidi ya kilo 1 kila wiki kwa wiki mbili: huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Uwe na jina la wodi na daktari aliyekubali kwa maandishi. "Atapewa rufaa" bila mahali wanairudisha. Na anayepokea ajue kwamba aliyekaa na njaa siku nyingi hajazwi chakula wala dripu ya glukosi kwa pupa. Fosfeti, potasiamu na magnesi hushuka ghafla moyo ukayumba. Thiamini itangulie, na elektrolaiti (hizo chumvi za damu) zipimwe kila siku mwanzoni. Kama hospitali uliyoiandika haipimi fosfeti, tafuta inayopima kabla ya kuwasilisha faili.

Kupima uzito: chumba cha peke yake, mgongo kwenye kioo cha mizani, namba isitamkwe wala kuandikwa anapoiona. Darasa zima kwenye foleni ya mizani ni kuzalisha kile unachokichunguza. Chini ya miaka 19 usitumie BMI (uzito kwa urefu) 18.5 ya watu wazima. Tumia chati za WHO za 2007 za BMI kwa umri.

---

Dk_Kando alijibu:

Nijibu la 1 na la 4, yamebaki.

DNP si kitu kilekile. Ni shahada ya ubobezi wa kazi. Kule Marekani inaambatana na saa nyingi za mazoezi ya huduma baada ya shahada ya kwanza, na mwisho wake ni mradi wa kuboresha huduma, haina tasnifu ya kuzalisha maarifa mapya. Kwa kazi yako ya kuhakiki dodoso haifai. Tena saa hizo utazifanyia wapi, chini ya nani? Kabla hujalipa hata ada ya maombi, waulize TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa barua kama chuo hicho na shahada hiyo vitatambuliwa.

"Ugonjwa wa Wazungu": usibishane, peleka karatasi. Fiji, mkoa mmoja, televisheni ilipoingia tu mwaka 1995 wasichana waliovuka alama 20 za EAT-26 walikuwa asilimia 12.7, mwaka 1998 wakawa 29.2. Hapa kwetu kuna utafiti wa wasichana na wanawake 214 wa Tanzania uliochapishwa 2007, uliotazama ulaji pamoja na vyombo vya habari. Uutaje wa kwanza; msimamizi akigundua hukuujua, umeumia. Ila na wewe usipeleke Fiji kama ushahidi kwamba Dar iko hivyohivyo. Hoja yako iwe kwamba hatuwezi kujua ukubwa wa jambo kwa chombo kisichoaminika.

Wasimamizi tafuta wawili: muuguzi mwenye PhD aliyewahi kumaliza na mwanafunzi, na daktari wa akili au mwanasaikolojia anayeweza kufanya usaili wa uchunguzi. Bila huyo wa pili huna kipimo cha kulinganishia, na hatua ya pili ya Takwimu inaanguka. Kuhusu fedha, CARTA, mpango wa kufundisha watafiti wa afya Afrika, imekuwa ikilipia PhD lakini kwa waajiriwa wa taasisi wanachama tu, kwa mfano Ifakara. Kwenye bajeti watu husahau kunukuu sauti: saa 1 ya mahojiano hula saa 5 hadi 8 za kuandika. Mahojiano 30 ya saa moja ni saa 150 hadi 240, na mtu wa kuzilipia.

---

Nesi_Ilala:

Nimeelewa. Kichwa kipya: "Uhakiki wa DEPS-R ya Kiswahili na nafasi ya muuguzi katika kutambua kuruka insulini kwa makusudi kwa vijana wenye kisukari aina ya 1." Sampuli 160, yaani sentensi 16 mara watu 10. Sawa?

---

Takwimu_Tulivu:

Kichwa sawa. 160 inatosha kuangalia muundo wa dodoso, si kusema linanasa wangapi. Ukiwaondoa walioishiwa insulini huenda ukabaki na 110. Kwa hiyo panga 230 tangu mwanzo, na kabla hujaandika namba hiyo nenda ukahesabu rejesta za kliniki, maana ikionekana vijana ni 140 mji mzima utahitaji kliniki ya mkoa wa pili, na hiyo ni barua nyingine kwa Mlinda_Faili.